Chumvi Haiui Chaji ya Kioo cha Volkeno

Wateja wanaoniletea unga wa obsidiani au perlaiti, ambazo ni aina za kioo cha volkeno, kupimwa huja na hukumu ileile: kwamba chumvi huua chaji ya umeme iliyo kwenye uso wa kioo hicho. Ushahidi wao ni bilauri mbili. Katika maji yaliyokenekwa unga huelea na maji hubaki na ukungu kwa saa nyingi. Ukitia chumvi ya mezani, chembe hushikamana na kutuama, maji yakawa angavu. Wanachokiona ni kweli, ila sababu wanayoitoa si sahihi, nami nimeirekebisha mara nyingi mno.

Uso wa kioo hiki umejaa vikundi vya silikoni, oksijeni na haidrojeni ambavyo huachia protoni kadiri pH (kipimo cha asidi na alkali) inavyopanda, vikabaki na chaji hasi. Ioni za sodiamu zikisongamana karibu na uso, hupunguza msukumano kati ya chaji zinazopakana, na kwa hiyo protoni nyingine hutoka kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana, kwa pH ileile, titresheni, yaani kutia alkali kidogo kidogo na kuhesabu iliyotumika, huonyesha chaji ya uso ikiongezeka chumvi inapoongezeka. Kinachopungua ni umbali ambao chaji hiyo huhisika ndani ya maji: chumvi ya mezani ikiwa moli 0.001 kwa lita, umbali huo ni takriban nanometa 10. Ikiwa moli 0.01, ni 3. Ikiwa moli 0.1, ni nanometa 1 tu, na chembe zikikaribiana kiasi hicho, mvutano huzinasa. Kipimo cha zeta, yaani cha volteji inayozunguka chembe ndani ya maji, husoma kinachobaki nje ya ioni zilizoganda usoni, hivyo usomaji wake hushuka. Anayeuita usomaji huo chaji ya kioo amechanganya vitu viwili.

Wengine hudhani chumvi zote ni sawa. Kalsiamu, yenye chaji mbili, huhitajika kwa kiasi kidogo sana kuliko sodiamu ili unga ushikamane, tena hujishikiza kwenye uso wenyewe. Kwa hiyo namba ya chaji isiyoandikwa pamoja na pH, aina ya chumvi na kiwango chake siipokei.

Wapo pia wanaoamini kwamba alkali yote iliyotumika katika titresheni ni chaji. pH ikipita 9, kioo chenyewe huyeyuka kwa wepesi zaidi, na asidi ya silika inayotoka hula sehemu ya alkali hiyo. Anayepima obsidiani ya Naivasha katika maji ya magadi sharti achuje unga, atitreshe maji yaliyochujwa peke yake, kisha atoe kiasi hicho kwenye hesabu.