Ruzuku ya utafiti wa pamoja ni nini, na kwa nini afya ya akili ya vijana inaitegemea

Ruzuku ya utafiti wa pamoja ni fedha ambazo mfadhili huzipa taasisi mbili au zaidi zilizoandika andiko moja la kuomba fedha, zikakubaliana juu ya swali moja, na zikaahidi kugawana kazi, bajeti na matokeo. Si mkopo, kwa hiyo hairudishwi. Wala si zawadi: kila fungu lina matumizi yake na linadaiwa risiti, mpaka nauli ya bodaboda iliyompeleka mdodosaji kijijini. Pia haifanani na msaada wa kuendesha kliniki au kulipa mishahara ya wauguzi. Ruzuku ya utafiti inalipia jibu la swali, na mradi ukiisha, wafadhili watauliza ni kitu gani sasa kinajulikana ambacho mwanzoni hakikujulikana.

Karibu kila andiko siku hizi linadai kuwa na washirika. Ukitaka kujua kama ushirikiano huo ni wa kweli au ni wa kwenye karatasi, usihangaike sana na utangulizi. Fungua jedwali la bajeti.

Tuanze na mfano wa Kenya. Mwaka 2021 wadodosaji walipita kwenye kaya nchini humo wakizungumza na vijana wa miaka 10 hadi 17, na kwa kila kijana wakamhoji pia mzazi au mlezi wake. Huo ulikuwa utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana balehe. Nchini Kenya kazi ilisimamiwa na APHRC, kituo cha utafiti chenye makao yake Nairobi, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia na Johns Hopkins cha Marekani. Utafiti huohuo ulifanyika Indonesia kupitia Chuo Kikuu cha Gadjah Mada, na Vietnam kupitia Taasisi ya Sosholojia. Mlipaji alikuwa Pivotal Ventures, kampuni ya Melinda French Gates.

Kwa nini mlolongo wote huo wa taasisi kwa kazi moja? Kwa sababu hakuna hata moja iliyokuwa na kila kitu. Dodoso lililotumika lilitungwa Marekani kwa ajili ya kupima magonjwa ya akili kwa watoto, na watu wanaojua kuchambua majibu yake si wengi. Lakini mchambuzi aliyeko Brisbane, Australia, hajui mtoto wa miaka kumi na mbili wa Kisumu au Garissa akisema nini ndipo uelewe kuwa ana sonona, wala hajui ubishe hodi saa ngapi ili umkute mama nyumbani na mtoto ametoka shule. Hayo anayajua mtu wa Nairobi. Kutafsiri dodoso tu ni kazi ya miezi, maana swali likitafsiriwa vibaya linapima kitu kingine kabisa, na kosa hilo halionekani kwenye takwimu. Namba hutoka safi kama kawaida.

Matokeo yalipotoka, asilimia 44.3 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walikuwa na tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 12.2 walitimiza vigezo vya kitabibu vya ugonjwa wa akili. Namba hizi mbili huchanganywa mno. Ya kwanza inahesabu hata mwenye dalili ambazo hazijafika kiwango cha ugonjwa. Kwa hiyo anayesema karibu nusu ya vijana wa Kenya ni wagonjwa wa akili amesoma namba akaacha maelezo yake. Kwa kipimo hicho cha pili, Indonesia ilikuwa na asilimia 5.5 na Vietnam 3.3. Kulinganisha hivi kunawezekana kwa sababu nchi zote tatu zilitumia kipimo kimoja, na hapo ndipo utafiti wa pamoja unapolipa gharama zake. Nchi tatu zingefanya tafiti tatu kila moja kivyake, tungepata ripoti tatu zisizosemezana.

Sasa, fedha zinatoka wapi? Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, serikali kwa wastani hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa afya ya akili yote, watu wazima na watoto. Utafiti unasubiri makombo ya hapo. Sheria ya Kenya ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti. Kwenye sheria imeandikwa, kwenye bajeti ni habari nyingine. Tanzania ina COSTECH, tume yake ya sayansi na teknolojia, yenye mfuko uitwao MTUSATE, na ahadi ya asilimia moja ya pato la taifa imesikika miaka mingi. Kwa hiyo fungu kubwa hutoka nje. Wellcome, taasisi ya hisani ya Uingereza, ilitangaza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itakuwa moja ya changamoto zake kuu tatu. Taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, NIMH, imekuwa ikifadhili miradi ya Afrika kwa muda mrefu. Grand Challenges Canada, pamoja na Fondation Botnar ya Uswisi na wengine, wana mpango uitwao Being unaohusu ustawi wa akili wa vijana katika nchi 13, Tanzania ikiwemo.

Twende kwenye jedwali la bajeti. Mfadhili kwa kawaida husaini mkataba na taasisi moja tu, ambayo ndiyo mpokeaji mkuu. Huyo ndiye anayewapa wengine mafungu yao kwa mikataba midogo, na kwa miradi mingi mpokeaji mkuu ni chuo cha Ulaya au Marekani. Maana yake mshirika wa Dodoma au Mombasa anaweza kuwa amefanya nusu ya kazi huku akisubiri malipo ya robo mwaka kutoka kwa mhasibu ambaye hajawahi kumwona, na ambaye ofisi yake imefungwa kwa likizo ya Krismasi. Wadodosaji hawawezi kusubiri Krismasi ya watu. Basi taasisi inakopa kwenye mradi mwingine, au mratibu anatoa mfukoni.

Halafu kuna gharama za uendeshaji: umeme, intaneti, ulinzi, mhasibu, mkaguzi. Kwa miaka mingi taasisi za afya za Marekani, NIH, zimeweka kikomo cha asilimia 8 kwa taasisi za nje ya nchi, wakati vyuo vikubwa vya Marekani vyenyewe vimezoea viwango vinavyopita asilimia 50. Mimi sioni namna ya kuitetea tofauti hiyo. Jenereta ya Mwanza hainywi dizeli kidogo kwa sababu mradi ni wa Mtanzania. Na taasisi isiyolipwa gharama za uendeshaji haiwezi kuajiri mhasibu mzuri, kisha wito ujao wa maombi ukitoka inaambiwa haina uwezo wa kuwa mpokeaji mkuu.

Mpangilio huu pia unakufanya uumwe kwa ugonjwa wa mwenzako. Mwaka 2021 Uingereza iliposhusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, baraza lake la utafiti likajikuta na pengo la pauni milioni 120 kwenye miradi ambayo tayari ilikuwa imeshasainiwa, na watafiti wakaandikiwa barua katikati ya kazi. Mei 2025 NIH nayo ikatangaza kwamba haitatoa ruzuku mpya zenye mikataba midogo ya nje mpaka iwe na utaratibu mwingine wa kuwalipa washirika hao moja kwa moja. Kulipwa moja kwa moja ni jambo ambalo watafiti wa Afrika wamelidai miaka mingi, ila si kwa namna ya kukatiwa maji kwanza ndipo bomba jipya lichorwe.

Utafiti wa watoto una gharama ambazo tafiti nyingine hazina, na andiko lisilozitaja huwa limeandikwa na mtu asiyeijua kazi. Kijana wa chini ya miaka 18 hahojiwi hivihivi: mzazi au mlezi anatoa ridhaa, na mtoto mwenyewe anaulizwa kama anakubali, na akikataa imekwisha. Fomu zinazopelekwa nyumbani kwenye begi la shule hurudi nusu, nyingine zimelowa chai, nyingine hazirudi kabisa, na shule za bweni wazazi wako mbali. Inabidi kuwapigia simu, kuitisha kikao, kurudi tena. Hizo ni siku za kazi na ni vocha, na zinatakiwa ziwe na mstari wake kwenye bajeti.

Pia kuna faragha. Unamuuliza binti wa miaka 14 kama amewahi kutaka kujidhuru, ndani ya nyumba ya vyumba viwili, mama anakatakata mchicha hatua tatu kutoka alipokaa, wadogo zake wanachungulia. Jibu atakalotoa hapo ni la mama. Mdodosaji mzoefu atatafuta kivuli cha mwembe nje, mahali ambapo wanaonekana lakini hawasikiki, na mwenzake atamshughulisha mama kwa dodoso lake. Ndiyo sababu wanatumwa wawili wawili, na ndiyo sababu posho ni mbili. Mkaguzi wa mbali akiuliza kwa nini msimhoji kila mtu kwa simu ili kupunguza gharama, jibu ni kwamba simu mara nyingi ni ya mama.

Na binti akijibu ndiyo? Hapo utafiti unasimama na wajibu unaanza. Lazima pawe na mtu wa kupigiwa siku hiyohiyo, kituo kilichokubali kumpokea, na nauli ya yeye na mzazi. Kamati za maadili, zinazopitisha utafiti kabla haujaanza, huuliza jambo hili, na zina haki. Tatizo ni kwamba wilaya nyingi hazina hata mtaalamu mmoja wa afya ya akili ya watoto, kwa hiyo mradi unajikuta unamlipa mshauri nasaha wake wenyewe. Baadhi ya wafadhili hulalamika kwamba hiyo ni huduma, si utafiti. Kuna swali la msingi hapo: nani ana ruhusa ya kumtoa mtoto siri kama hiyo kisha akafunga daftari?

Shamiri, taasisi ya Kenya ya afya ya akili ya vijana iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn, inaonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda njia nyingine. Badala ya kusubiri wataalamu ambao hawapo, walifundisha vijana waliomaliza sekondari kuendesha vikao vinne na wanafunzi wenye dalili za sonona na wasiwasi. Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2021 lilihusu wanafunzi 413, na waliopata vikao hivyo walipungukiwa dalili kuliko wenzao waliofundishwa stadi za kusoma. Washirika wa Harvard walikuwemo, lakini swali lilitoka kwenye shule za Kenya, na jibu linaweza kulipika na shule za Kenya.

Ukiletewa fomu ya ridhaa ya mwanao, isome mpaka mwisho. Inatakiwa imtaje mfadhili, taasisi ya nchini inayohusika, na namba ya simu ya kamati ya maadili iliyopitisha utafiti. Una haki ya kubaki na nakala, ya kuuliza data zitahifadhiwa wapi na nani ataziona, na ya kumtoa mtoto siku yoyote bila yeye kupoteza huduma anayoipata shuleni au hospitalini. Namba ya kamati haikuwekwa kama pambo. Ipigie.