Paka mwenye kisukari akigeuka mkali ghafla, pima sukari kwanza

Simu iliita saa sita na nusu mchana. Alikuwa Hajati mmoja wa Bombo, mteja wangu wa miaka mingi, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Daktari, Sultani amenirarua mkono. Sultani huyu huyu wangu! Nimemfungia jikoni, ananguruma kama chui. Wajukuu wanasema ameingiwa na jini."

Sultani ni paka dume aliyehasiwa, mwenye miaka kumi na mmoja na mwili mkubwa. Kisukari chake tulikigundua miezi minne kabla ya siku ile. Hajawahi kuwa paka wa kurarua watu. Hulala pembeni ya mswala Hajati anaposali, na sindano zake mbili za insulini, ya asubuhi na ya jioni, huchomwa akiwa kwenye sahani yake bila hata kuinua kichwa.

Nilimuuliza Hajati mambo matatu. Amemchoma sindano saa ngapi? Saa moja asubuhi, kama kawaida. Amekula nini? Dagaa watupu, maana tangu wiki iliyopita ameacha kumchanganyia posho, yaani ugali. Anatembeaje? "Kama mlevi, Daktari. Miguu ya nyuma inakwenda kwake na ya mbele kwake."

"Hajati, asali ipo?"

"Ipo."

Nilimwambia avae shati zito la mikono mirefu, amfunike Sultani kwa taulo mpaka shingoni, achovye ncha ya kitambaa kwenye asali na kumpaka kwenye fizi, upande wa shavu. Asiingize kidole kinywani wala asimmiminie asali kooni, kwa sababu paka wa hali ile anaweza kuuma bila kujua, na akimiminiwa kitu kinaweza kuingia kwenye mapafu. Simu aliiweka mezani ikiwa wazi. Nikawa nasikia anasoma dua huku anapaka, na mimi nasubiri upande wa pili. Haikufika robo saa, mngurumo ukakoma. Hajati akasema, "Anaomba chakula."

Nimeishika kazi hii Kampala miaka mingi, na swali hili huletwa kwangu kwa sura nyingi: paka wangu mpole amekuwa mkali, nifanye nini? Kama paka huyo anachomwa insulini, jibu langu la kwanza ni lile lile. Usimpige wala usimfukuze nje. Pima sukari yake sasa hivi. Kama huna kipimo, na paka anayumba, anatetemeka au macho yamemtoka, mpake kitu cha sukari kwenye fizi kisha unipigie. Asali inafaa, na ile glukosi ya unga inayouzwa madukani ukiikoroga iwe nzito inafaa pia. Sukari ikipanda kidogo kwa saa chache haimdhuru sana. Ikishuka na kuachwa, huleta degedege, kupoteza fahamu na kifo.

Chanzo cha ukali wenyewe ni hiki. Ubongo huishi kwa sukari iliyo kwenye damu na hauna akiba ya maana. Sukari ya paka mzima huwa kati ya milimoli 4 na 8 kwa lita, hivi. Ikishuka chini ya 3.3 au karibu na hapo, ubongo huanza kukosa chakula, na mwili hupiga kengele kwa kumwaga adrenalini. Hiyo ndiyo homoni inayomwandaa mnyama kupigana au kukimbia. Moyo unakwenda mbio, mboni zinapanuka mpaka jicho lote linaonekana jeusi, misuli inatetemeka. Sasa mfikirie paka ambaye mwili wake unamwambia yuko hatarini, na akili yake imefifia kiasi kwamba hatambui mkono unaomlisha kila siku. Anauma. Hana hasira na wewe hata kidogo. Ameshikwa na hofu, na hakujui.

Saa ya tukio nayo hunieleza mengi. Insulini nyingi tunazowachoma paka hushusha sukari mpaka chini kabisa baada ya muda wa saa nne hadi nane tangu sindano ichomwe. Sultani alichomwa saa moja asubuhi na akararua mtu saa sita mchana. Kwangu saa hizo tano zilisema zaidi ya mikwaruzo.

Lakini kwa nini ishuke siku ile, na dozi ni ile ile ya miezi yote? Hapa nataka niseme kwa kirefu, kwa sababu ndipo ninapoona wenye paka wengi wa kwetu wakiingia mtegoni.

Paka wa Uganda tunamlisha posho. Tunachanganya na dagaa, wale mukene wa ziwani, tunakoroga, anakula. Posho ni wanga wa mahindi, na wanga tumboni huwa sukari. Paka kaumbwa kula nyama. Mwili wake hauhitaji wanga huo, na akiwa na kisukari unamzidishia mzigo. Kwa hiyo ushauri wa kuondoa posho na kumpa dagaa, samaki au nyama ni sahihi, na mimi ndiye niliyempa Hajati. Ila dozi yake ya yuniti tatu tulikuwa tumeipanga akiwa anakula posho. Posho ikiondoka na dozi ikabaki palepale, insulini iliyokuwa inapambana na sukari ya posho haina tena cha kupambana nacho, na sukari inaanguka.

Kosa lile lilikuwa langu. Nilimwambia aache posho, sikumwambia anipigie siku atakayoiacha. Alifuata neno langu kwa uaminifu, nami nilikuwa nimempa nusu ya neno. Tangu siku ile hakuna mteja anayetoka kwangu na ushauri wa chakula bila kuandikiwa kwenye kadi, kwa herufi kubwa: USIBADILI CHAKULA KABLA YA KUONGEA NAMI KUHUSU DOZI.

Jambo la pili linafanana na hilo, na ndani yake mna habari njema. Paka, tofauti na mbwa wengi, anaweza kufika mahali kisukari kikatulia na akaishi bila sindano, hasa akitibiwa mapema na akila chakula kisicho na wanga mwingi. Kongosho lake linaanza tena kutoa insulini yake mwenyewe. Asipopimwa, nyumbani hakuna anayejua; dozi ya zamani inaendelea, na dalili ya kwanza ya nafuu inakuwa paka kuuma mtu.

Halafu kuna mambo ya umeme na friji. Insulini hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, isigande. Umeme ukikatika mara kwa mara na chupa ikapata joto, dawa inapungua nguvu. Sukari ya paka inapanda, dozi inaongezwa, inaongezwa tena. Kisha chupa mpya inanunuliwa, nzima na kali, na dozi ile kubwa inachomwa kutoka humo. Ukifungua chupa mpya baada ya kuongeza dozi, mpime paka siku hiyo hiyo mchana.

Mabomba ya sindano nayo yanaua. Insulini ya binadamu unayoipata kwenye maduka ya dawa mjini kwa kawaida ina yuniti 100 kwa mililita, ilhali nyingine za wanyama zina yuniti 40, na kila moja ina bomba lake. Ukivuta ile ya 100 kwa bomba la 40, umemchoma paka mara mbili na nusu ya dozi. Soma namba kwenye chupa, soma namba kwenye bomba, kila ununuapo. Na nyumba yenye watu wengi iwe na karatasi ukutani ya kutia alama. Nimeshaona paka aliyechomwa na baba saa moja, akachomwa na binti saa moja na nusu, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau.

Kupima nyumbani si kugumu. Kipimo cha kawaida cha binadamu kinafaa, mradi ujue kwamba kwa damu ya paka mara nyingi kinasoma chini kidogo ya ukweli. Pasha sikio joto kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, shika ukingo wake, choma karibu na mshipa ule mwembamba wa pembeni, tone moja linatosha. Mpe kipande cha samaki baada ya hapo. Wiki ya pili atakuwa anakuja mwenyewe akisikia boksi linafunguliwa.

Na sukari ikionekana iko sawa? Basi tafuta maumivu. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kuharibu neva za miguu ya nyuma. Utamwona paka anatembea kwa visigino, kama sungura, na ukimgusa nyayo anakugeukia. Paka hawa hupata maambukizi ya mkojo kwa urahisi, na kongosho lenyewe likivimba tumbo linauma. Meno mabovu usiyasahau. Ukali wa maumivu una mahali pake: anauma ukigusa hapo, ukimwacha anatulia. Ukali wa sukari hauna mahali.

Kuna jambo moja siwezi kuliruka nikiwa nawaandikia watu wa Uganda, nalo ni kichaa cha mbwa. Kipo nchini kwetu, na paka anakipata. Kama paka aliyegeuka mkali hana chanjo, au anazurura usiku, au alirudi siku za karibuni na jeraha lisilojulikana, usimshike hata kwa taulo. Mfungie chumba kimoja, piga simu kwa daktari wa mifugo. Usimuue ukamtupa, kwa sababu paka aliyemuuma mtu huchunguzwa kwa siku 10, na uchunguzi huo una maana kubwa kwa aliyeumwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hata bila kichaa, meno ya paka ni membamba na huingia ndani. Mkono unaweza kuvimba kesho yake.

Sultani ana chanjo ya kila mwaka na hatoki uani. Hata hivyo nilimwambia Hajati aoshe mkono na aende akaonwe kabla ya kuniletea paka, akaenda. Kuhusu jini sikubishana na wajukuu. Dua ya bibi yao haikuzuia asali kufika kwenye fizi, nami nilisikia ilimtuliza mwenyewe, sauti ikaacha kutetemeka.

Sultani alipokula, kazi haikuwa imekwisha. Asali hupanda upesi na kushuka upesi, na insulini ya asubuhi ilikuwa bado inafanya kazi ndani. Tulimpima kila baada ya nusu saa kwenye meza yangu mpaka jioni: 2.9 alipofika, kisha 4.1, kisha 3.6 tukamlisha tena, kisha 5.8. Sindano ya jioni hatukuichoma. Kesho yake tulianza upya kwa yuniti moja.

Sasa anapimwa kila Ijumaa saa sita mchana, Hajati ananitumia picha ya kipimo kwa simu. Ya wiki jana ilisoma 6.2. Nyuma ya kile kipimo, kwenye mswala uliokunjwa, lilionekana sikio moja la Sultani.