Kusawazisha kabureta: sawa na nini?

"Fundi, nisawazishie kabureta, chombo kinazima kila nikisimama." Ombi hili husikika kwenye gereji za Mwanakwerekwe hadi Chake Chake, na mara nyingi chombo chenyewe ni pikipiki ya Boxer au Vespa: silinda moja, kabureta moja, yaani kifaa kimoja cha kuchanganya petroli na hewa. Fundi huchukua bisibisi, akapandisha sailensa, yaani mwendo wa injini chombo kikiwa kimesimama, kwa kugeuza skrubu nusu mzunguko, mteja akalipa akaondoka huku akiamini kuwa amesawazishiwa. Kazi imefanyika, na pengine imefanyika vizuri. Lakini haikuwa kusawazisha.

Kusawazisha kabureta ni kuzifanya kabureta mbili au zaidi za injini moja zipitishe hewa kwa kiasi kilekile, ili kila silinda ibebe mzigo sawa na mwenzake. Maana ni hiyo tu. Petroli haimo, plagi haimo, na sailensa hurekebishwa baadaye.

Tatizo liko kwenye neno. Sawa tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako ni kitu kuwa daraja moja na chengine. Tukalizalisha: usawa, sawasawa, sawazisha. Katika ukoo huo wote hakuna neno linalosimama na kitu kimoja peke yake. Mizani ina sahani mbili, na huwezi kusawazisha sahani moja. Anayesema "sawazisha" anastahili kuulizwa "sawa na nini?", na kwenye chombo cha kabureta moja swali hilo halina jibu.

Wapo wanaoona heri waseme "kusinki", kwa kuwa ndivyo kisemavyo kitabu cha Kiingereza: synchronize. Hapo ndipo mambo yanapozidi kuharibika. Neno hilo asili yake ni Kigiriki: syn, pamoja, na khronos, wakati. Maana yake ni mambo kutokea kwa wakati mmoja. Msikiaji akishapata picha ya wakati, fikra zinamhamia kwenye taimingi, yaani wakati wa cheche na wa valvu, na hapo huanza kufunguliwa vifuniko visivyohusika. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari hazivuti hewa kwa wakati mmoja hata siku moja. Zinapokezana: ya kwanza, ya pili, ya nne, ya tatu, kila moja nusu mzunguko wa krenki baada ya mwenzake. Kinachotakiwa kiwe sawa ni kiasi cha hewa. Kwa hiyo neno letu ni sahihi kuliko la kuazima, na ni hasara kulitupa au kulichakaza kwa kila kazi ya bisibisi.

La tatu ni "kutyuni", nalo lina heshima yake. Limetokana na Kigiriki pia, tonos, yaani kukaza uzi. Aliyewahi kumtazama mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, kabla ya onyesho ameziona kazi hizi mbili zikiwa mbalimbali. Kwenye kanuni kila sauti ina nyuzi tatu. Kwanza mpigaji huzikaza moja moja mpaka zote tatu zitoe mlio mmoja. Hata moja ikilegea kidogo, sauti huwa na mawimbi ndani yake. Huko ndiko kusawazisha. Kuipandisha au kuishusha sauti hiyo ili ifuate maqamu, yaani ngazi ya sauti, ya wimbo ni kazi nyengine, na hiyo ndiyo kutyuni. Kwenye kabureta, kutyuni ni kurekebisha uwiano wa petroli na hewa, na inafaa kabisa hata kwa kabureta moja.

Kwa hiyo skrubu ziko za aina tatu. Ya sailensa huzuia kipepeo, yaani kile kibao cha duara kinachofungua njia ya hewa, kisifunge kabisa. Ya mchanganyiko ni ndogo, ina springi, na hupunguza au kuongeza kinachopita sailensa ikiwa chini. Ya tatu ni skrubu ya usawa, na hiyo hukaa baina ya kabureta na kabureta, kwenye mkono unaoziunganisha. Kwenye chombo chenye kabureta moja usiitafute. Haijapotea; haikuwekwa.

Wala kuhesabu silinda pekee hakutoshi. Yamaha Virago 250 ina silinda mbili zinazolishwa na kabureta moja, basi hakuna cha kusawazisha. Virago 535 ina kabureta mbili, hiyo inasawazishwa. Honda CB750 iliyotoka mwaka 1969 ilikuja na nne. BMW zile za silinda kulia na kushoto zina kabureta mbili zilizo mbalimbali, kila moja na waya wake, na usawa wake hutafutwa kwenye skrubu ya sailensa ya kila upande, kisha kwenye urefu wa waya.

Kasoro ya usawa hujionyesha injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, si ya juu. Kipepeo kwenye sailensa huwa kimefunguka uwazi wa unywele. Kimoja kikiwa na milimita 0.3 na mwenzake 0.4, huyo wa pili anapitisha hewa zaidi kwa thuluthi. Ukifungua moto wote kwenye tundu la milimita 32, tofauti hiyohiyo ya 0.1 haina maana tena. Ndiyo maana chombo hutetemeka mpaka sura kwenye kioo haionekani ukiwa umesimama kuwapisha watoto wa skuli, kisha kikatulia ukishika barabara ya Bububu. Dalili nyengine ni resi kuchelewa kushuka, na mlio wa kokoto ndani ya kopo upande wa klachi. Mlio huo umewafanya watu wengi wapasue injini kutafuta beringi mbovu, ilhali mara nyingi klachi inagonga kwa sababu silinda zinasukuma kwa nguvu zisizolingana. Moshi mweusi na chombo kukosa nguvu kwenye mwendo mkali si dalili za usawa. Hizo zitafutie pengine.

Kazi yenyewe inafanyika nyumbani bila shida, ila ina matangulizi, na ukiyaruka utakuwa unasawazisha ugonjwa. Valvu zipimwe nafasi injini ikiwa baridi. Mipira inayounganisha kabureta na injini ikaguliwe, maana kwa joto letu hukauka ikapasuka: nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwa sailensa, mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo. Kisha washa injini ya baridi, na baada ya dakika moja dondoshea kila bomba la ekzosi tone la maji. Bomba ambalo tone halichemki lina silinda isiyowaka, na kwa kawaida ni jeti ndogo, kile kitundu cha kupitishia petroli, iliyoziba kwa petroli iliyolala. Isafishe kwanza.

Kama kabureta zimewahi kutenganishwa, anza nazo zikiwa mezani. Chukua mshipi wa kuvulia wa milimita 0.5, uupitishe chini ya ukingo wa kila kipepeo, na uzungushe skrubu za usawa mpaka mshipi ukwame kwa uzito uleule kwenye zote. Hatua hii humtoa mtu kwenye kosa kubwa na kumfikisha kwenye kosa dogo.

Kosa dogo linahitaji kipimo cha mvuto. Geji nne za kununua ni nzuri, lakini mpira mwangavu wa mita 4, wenye tundu la milimita 5, unatosha. Ufunge kwenye ubao mrefu kwa umbo la herufi U, utie mafuta ya injini ya tustroki mpaka yasimame sentimita 50 kila upande. Ni kama mililita 20. Usitumie zebaki, ni sumu. Maji nayo yakimezwa na injini hayaungui kama mafuta. Kwenye kila ncha chomeka jeti kuukuu ndani ya mpira. Tundu lake dogo huyatuliza mafuta yasirukeruke kwa kila pigo la pistoni.

Kiendeshe chombo dakika 10 kipate moto, kisha kitoe uwani, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake una kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Toa tangi ili uzifikie kabureta, kisha ning'iniza chupa ya nusu lita ya petroli juu ya kabureta, mbali na ekzosi. Ikiwa koki ya tangi hufunguliwa kwa mvuto wa injini, ziba tundu ulilochomoa mpira wake. Weka feni mbele ya injini, kwani haina upepo wa mwendo. Sailensa iwe kama kitabu kinavyosema, kwa kawaida baina ya mizunguko 1,000 na 1,300 kwa dakika. Sasa unganisha ncha mbili kwenye vitundu vya mvuto, vile vya kupimia vilivyo baina ya kipepeo na silinda, vya silinda ya kwanza na ya pili.

Mafuta yatapanda upande mmoja, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Upande yanakopanda ndiko kipepeo *kilikofunga zaidi*, si kilikofunguka. Pistoni huvuta vilevile. Mlango ukiwa mwembamba, nyuma yake mvuto huwa mkali. Zungusha skrubu ya usawa sehemu moja ya nane ya mzunguko, piga resi kidogo, subiri mafuta yatulie, ndipo usome. Mafuta yakikimbilia juu bila kusimama, bana mpira upesi kwa vidole kabla hayajanywewa. Ukimaliza ya kwanza na ya pili, nenda ya tatu na ya nne, kisha skrubu ya katikati inayolinganisha jozi kwa jozi. Sailensa itakuwa imepanda njiani. Irudishe, halafu pima zote tena.

Usiwanie usawa wa mwisho kabisa. Vitabu vingi huvumilia tofauti ya milimita 20 au 30 za zebaki, na 20 tu kwenye kipimo hiki cha mafuta ni kama sentimita 30. Ukifika kwenye sentimita 5 umeshapita kinachotakiwa. Skrubu ya mchanganyiko usiiguse wakati huu wote. Ukigeuza mbili kwa pamoja hutajua ipi imeleta nini.

Na mwenye Boxer inayozima akisimama, amwambie fundi hivi: "Chombo kinakata sailensa, niangalizie jeti ndogo na filta ya hewa." Ni maneno machache zaidi ya "nisawazishie", na fundi atajua mara moja pa kuweka bisibisi.