Kabla mtoto hajarefushwa kano ya kisigino, kwanza apimwe mwendo

Kliniki kwetu haipiti wiki bila kuja mzazi na mtoto wa miaka mitano sita hivi, na kabla hata hajakaa vizuri anasema "mtoto wangu anatembea kwa vidole, tumeambiwa kano ya kisigino imekaza inabidi arefushwe kwa operesheni". Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia ya watoto, na swali langu kwa huyo mzazi huwa ni lile lile, je kuna mtu ameshamwangalia huyu mtoto anavyotembea? Namaanisha atembee, aende arudi mara kadhaa, miguu iko wazi, huku mtu anaangalia nyonga, goti na enka kila kimoja peke yake. Mara nyingi jibu ni hapana, alilazwa kitandani mguu ukakunjwa na kunyooshwa basi.

Kupima kitandani kuna umuhimu wake na sisi tunapima kila siku, ila mguu uliolala na mguu unaobeba mwili ni vitu viwili tofauti, hasa kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo maana kwake misuli inakaza zaidi akisimama, akikimbia, hata akifurahi.

Hebu jaribu hiki kitu hapo ulipo. Simama, alafu kaza enka zako zibaki kwenye nyuzi 90 usiziachie kabisa, sasa kunja magoti taratibu. Visigino vimenyanyuka si ndio? Na kano zako za kisigino hazina shida yoyote. Wako watoto wengi wanaotembea hivyo hivyo, enka iko sawa ila goti halinyooki au nyonga imekaza kwa mbele, kwahiyo kisigino hakifiki chini na kila mtu anakilaumu kisigino. Sasa huyu akirefushwa kano ndo matatizo yanapoanza, kwasababu ule msuli wa nyuma ya mguu chini ya goti kazi yake kubwa ni kuzuia mfupa wa muundi usidondoke mbele unapokanyaga, ukiulegeza kupita kiasi muundi unaenda mbele, goti linakunjika zaidi, na mtoto anaanza kutembea kama mtu anayetaka kukaa kwenye kiti. Mwanzoni mzazi anafurahi sababu kisigino kinagusa chini, lakini mtoto anakua, uzito unaongezeka, na akifika miaka 12 au 13 magoti yanauma na shule aliyokuwa anafika kwa miguu sasa hafiki. Hili nalisema kwa uchungu kwasababu kulirudisha nyuma ni kazi kubwa mno kuliko ile ya kwanza.

Ndo maana kuna kipimo kinaitwa uchambuzi wa mwendo. Kimejengwa na watu kama David Sutherland kule San Diego, Jacquelin Perry pale Rancho Los Amigos, California, na James Gage wa hospitali ya watoto ya Gillette, Minnesota. Sutherland na wenzake mwaka 1980 walitoa utafiti wa watoto 186 wenye afya, umri mwaka 1 mpaka 7, wakaonyesha jinsi mwendo wa mtoto unavyokomaa hatua kwa hatua, hivyo mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayetembea kwa kutanua miguu na mikono juu usimlinganishe na kaka yake wa darasa la kwanza.

Kwenye maabara kamili mtoto anavaa kaptula fupi, juu singlendi au hana kitu, anabandikwa vidude vya duara vinavyong'aa, vidogo kama gololi, kwenye kiuno, paja, goti, muundi, enka na mguu. Ukutani kuna kamera 8 au 10 au zaidi zinazofuata hizo gololi tu, picha 100 na zaidi kwa kila sekunde, na kompyuta inaunganisha inatoa mifupa inayotembea kwenye skrini. Juu ya misuli kuna stika za waya zinazosikiliza umeme wa msuli, zinaonyesha msuli gani unawaka muda ambao ungetakiwa upumzike. Na sakafuni kuna mizani imefukiwa usawa na sakafu, inapima anakanyaga kwa nguvu kiasi gani na nguvu inaelekea wapi. Hapo mtoto haambiwi "kanyaga pale", maana akijua atarefusha hatua ili aipate, anaambiwa tu nenda kwa mama kule mwisho, na anarudiarudia mpaka mguu uangukie pale wenyewe. Zoezi zima ni masaa mawili mpaka matatu. Hakuna mionzi, stika haziumi ila kuzibandua kunawasha kidogo, na kawaida mtoto awe na miaka 4 au 5 kwenda juu ili aweze kufuata maelekezo.

Kinachotafutwa ni mzunguko mmoja wa mwendo, kuanzia kisigino kinapogusa chini mpaka kisigino hicho hicho kiguse tena. Asilimia 60 hivi mguu uko chini, 40 uko hewani, na kila kiungo kinachorwa mstari wake pembeni ya mstari wa watoto wasio na shida. Mguu unaoangalia ndani kwa mfano, unaweza kutokea mguuni penyewe, kwenye muundi uliojizungusha, au juu kabisa kwenye paja, na kwa macho tu ni rahisi kukosea.

Zamani watoto wenye mtindio wa ubongo walikuwa wanafanyiwa operesheni moja leo, mwakani nyingine, daktari Mercer Rang wa Toronto akauita huo ugonjwa wa birthday, maana mtoto kila birthday yuko wodini na POP, yaani plasta ngumu ya mguu. Sasa hivi pale inapowezekana yote yanafanywa kwa mkupuo mmoja, nyonga, goti na mguu, alafu fiziotherapia ya muda mrefu, na huwezi kupanga mkupuo huo kwa kubahatisha.

Najua maabara kama hizi ukanda wetu ni adimu na gharama yake sio ya kila mtu, lakini usikate tamaa mzazi, video ya simu inasaidia sana ikichukuliwa vizuri. Kuna kipimo cha Edinburgh kinachotumia video tu, vitu 17 kwa kila mguu, na mtaalamu anaweza kukitumia kwa video nzuri. Simu iwe usawa wa kiuno cha mtoto sio usoni kwako, igeuze ilale, mtu asitembee nayo. Chukua kutoka mbele, nyuma, kushoto na kulia, miguu peku, alafu tena na viatu au AFO (kifaa cha plastiki cha kushikilia enka na mguu) kama anayo. Kaptula ipande juu ya magoti. Na chukua jioni akiwa amechoka pia. Kuna mtoto alitembea vizuri kabisa mbele yetu, kifua mbele, anatuangalia usoni, bibi yake akasema "daktari huyu nyumbani hatembei hivi, hapa anawaonyesha nyie", tukawaacha waende dukani warudi na waliporudi mguu wa kulia ulikuwa unaburuza vidole chini. Bibi alikuwa sahihi. Njoo na viatu vyake vya shule vilivyochakaa pia, usivisafishe, soli iliyoliwa mbele upande mmoja tu inaniambia vitu ambavyo mtoto hawezi kueleza.

Kutembea kwa vidole mara moja moja chini ya miaka miwili mitatu mara nyingi sio ugonjwa. Matege ya mwaka mmoja na magoti kugongana ya miaka mitatu minne kwa wengi yanajinyoosha. Ila kuna watoto wasiosubiri foleni ya kipimo chochote, waletwe mapema. Aliyekuwa anakanyaga vizuri sasa ameanza vidole. Anayechechemea ghafla na ana homa, huyu ni siku hiyo hiyo. Mguu mmoja ukiwa dhaifu baada ya sindano ya tako. Na mtoto wa kiume anayeanguka anguka, nyama za nyuma ya muundi zimejaa, na akitaka kuinuka chini anajishika magoti na mapaja anajipandisha kwa mikono, huyo aanze na kipimo cha damu cha CK, kinachoonyesha kama misuli inaharibika, kabla mtu yeyote hajaongelea kisigino chake.