Mkoba wa Mshazari: Anza na Mkanda

Mkoba wa mshazari ni ule ambao mkanda wake hukaa bega moja, ukakatiza kifuani na mgongoni, na mkoba wenyewe ukatua ubavu wa pili. Huacha mikono yote miwili huru na hauporomoki ovyo. Hata hivyo, wengi huuvaa kwa urefu uleule waliotoka nao dukani, kisha wakalalamika kwamba mkoba ni mzito au unawapigapiga pajani. Mara nyingi tatizo haliko kwenye mkoba. Liko kwenye mkanda, na dakika tano mbele ya kioo zinatosha kulimaliza.

Simama wima ukiwa umevaa viatu na nguo unazotembea nazo kawaida, na mkoba uwe na vitu vyake vya kila siku, kwa sababu mkoba mtupu hudanganya. Papasa ubavuni upate ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Mdomo wa mkoba ukae usawa wa mfupa huo au juu yake kidogo. Ukitaka kujua urefu wa mkanda kabla ya kununua, shika kamba ya kupimia hapo nyongani, ipitishe kifuani hadi bega la upande wa pili, iteremshe mgongoni hadi irudi ulipoanzia, kisha toa upana wa mkoba wenyewe. Kwa watu wazima wengi jibu huwa kati ya sm 110 na 140, lakini amini kipimo chako kuliko wastani wa wengine.

Mkanda mrefu mno huufanya mkoba ubembee kwa kila hatua. Anayeuvaa hujikuta ameushika kwa mkono au ameinamia upande mmoja bila kujua. Ukiwa mfupi mno, mkoba hupanda kuelekea kwapani, kiwiko husukumwa nje, na mkanda husogea shingoni. Mkanda unatakiwa ulale katikati ya bega, mbali na shingo. Jaribio ni rahisi: tembea hatua ishirini, kisha fungua zipu kwa mkono mmoja bila kuinama wala kupandisha bega. Ukishindwa, ongeza au punguza sm 2 hadi 3 tu, ujaribu tena. Ukivaa koti zito utahitaji kuulegeza kidogo.

Sasa kurekebisha kwenyewe. Mikanda ya kitambaa huwa na kitelezi, yaani kile kipande cha chuma au plastiki chenye matundu mawili na kipau katikati. Ncha moja ya mkanda imeshonewa kwenye kipau hicho. Mkanda hushuka hadi kwenye pete, hugeuka na kurudi kupita tena ndani ya kitelezi. Ukisogeza kitelezi mbali na pete, mkanda unafupika. Ukikileta karibu na pete, unarefuka. Usivute ncha kwa nguvu. Sukuma kwanza mkanda ndani ya kitelezi upate ulegevu, kisha vuta ulegevu huo upande wa pili.

Kitelezi kikiteleza chenyewe, angalia kwanza jinsi mkanda ulivyopitishwa. Mkanda unaorudi kutoka kwenye pete lazima upande kupitia tundu la kwanza, ulale juu ya ile sehemu iliyoshonewa kwenye kipau, kisha ushuke kupitia tundu la pili. Kinachouzuia ni msuguano wa matabaka hayo mawili yanayobanana. Ukipita upande wa nyuma bila kulala juu ya mshono, hakuna kinachoubana. Kama umepitishwa sawasawa na bado unateleza, basi mkanda umechakaa na kulainika, au ni mwembamba kuliko kitelezi. Badilisha kimoja kati ya hivyo. Kufunga fundo si dawa, maana fundo huishia kukandamiza bega au mgongo.

Mikanda ya ngozi kwa kawaida hutumia bizimu na matundu. Tundu la ziada litobolewe kwa kitobozi cha ngozi kinachokata duara safi, kwenye mstari mmoja na mengine na kwa nafasi ileile. Msumari huchana nyuzi za ngozi, na mpasuko huo huendelea kukua kila mkoba unapovutwa. Popote kilipo kitelezi au bizimu, kisikae juu ya mtulinga. Kiteremshe kifuani au mgongoni. Mkanda ukijisokota, fungua ndoano ya upande mmoja, unyooshe, uirudishe. Mkanda uliosokotwa hubana sehemu ndogo ya bega, na mzigo uleule ukiwekwa kwenye upana wa sm 1 badala ya sm 4 hukandamiza takriban mara nne.

Kuhusu uzito, ushauri wetu ni usizidi asilimia 5 ya uzito wa mwili, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, kwa sababu bega moja tu ndilo linalobeba. Vitu vizito vikae chini, katikati, upande unaogusa mwili. Badilisha bega kila unapotoka, na ukibadilisha, geuza mkoba ili mfuko wenye vitu vya thamani ubaki upande wa mwili. Kwenye msongamano, uzungushe mkoba mbele ya tumbo na mkono juu ya zipu. Ganzi au michomo vidoleni ni dalili kwamba mishipa ya fahamu inabanwa: uvue mkoba, upunguze mzigo, na hali isipoisha muone daktari.

Ndani ya gari vua mkoba kabla ya kufunga mkanda wa usalama, kwa kuwa mkanda huo unatakiwa kugusa mwili moja kwa moja. Kwenye pikipiki au baiskeli ufupishe na uhakikishe hakuna ncha inayoning'inia karibu na gurudumu. Watoto wavuliwe mkoba kabla ya kupanda bembea, ngazi za michezo au miti: mkanda ukinasa mahali, unaweza kumkaba mtoto shingo.