AC ya Gari Haili Gesi

"Fundi, gesi imeisha tena."

Hata salamu hajamaliza. Ni dada mmoja aliyeniletea IST yake hapa Tabata mwezi wa pili, saa nane mchana, vioo vyote vinne chini na blauzi imemganda mgongoni. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa amejaza gesi mara tatu, kwa mafundi watatu tofauti. Kila akijaza, AC inapiga baridi safi wiki tatu, mwezi, halafu inarudi kupuliza fukuto.

Nikamuuliza, "Dada, petroli unayojaza inakwenda wapi?"

"Si inaungua."

"Na gesi ya AC?"

Akanyamaza. Wala simlaumu, maana sisi mafundi ndio tuliowazoesha wateja neno hilo la "kuisha". AC haili gesi. Ile iliyowekwa kiwandani ndiyo hiyohiyo inayozunguka miaka yote. Kompresa inaikandamiza na kuisukuma ikiwa ya moto hadi kwenye kondensa, ule wavu uliokaa mbele ya rejeta. Hapo inapoa na kugeuka kimiminika. Kisha inabanwa kupita kwenye tundu dogo la ekspansheni vavu, presha inaporomoka, nayo inachemka ndani ya evaporeta nyuma ya dashibodi. Kitu kinachochemka lazima kinyonye joto mahali, na hapa kinalinyonya kwenye hewa inayokupuliza usoni. Baada ya hapo inarudi kwenye kompresa, safari inaanza upya. Gesi ya R134a, ambayo ndiyo imo kwenye magari mengi tunayoagiza Japani, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa haijabanwa, ndiyo maana ikikurukia kidoleni inaunguza kwa baridi. Vaa miwani.

Kwa hiyo ikipungua, imetoka. Ni kweli mipira na oringi, zile pete za mpira kwenye maungio, hupitisha kidogo kidogo, na gari la miaka kumi na mitano linaweza kupungukiwa bila tundu la kuonekana. Lakini hiyo ni habari ya miaka, siyo ya wiki tatu.

Hata hivyo sikuanza na gesi. Huwa naanza na swali: inapuliza moto wakati gani? Mteja akisema kwamba akiwa barabarani anatembea baridi ipo, akikwama foleni ya Ubungo inageuka fukuto, mara nyingi sihitaji hata kutoa geji ya kupimia presha. Gari likitembea, upepo unapoza kondensa bure. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni, na feni imekufa, au rilei yake, au fyuzi, au wavu umejaa tope na wadudu. Wapo watu waliojaziwa gesi kwa ugonjwa huo. Unaongeza presha juu ya presha ambayo tayari haina pa kupumulia, na kinachofuata ni kompresa kulia.

Akisema upepo wenyewe ni hafifu, nafungua nyuma ya kiboksi cha abiria na kuchomoa filta ya AC. Nimeshatoa filta zenye manyoya ya kuku. Hiyo nayo haina uhusiano na gesi.

Kipimo kingine nakufundisha bure. Washa AC, acha injini iungurume dakika tano, halafu shika kwa tahadhari yale mabomba mawili ya alumini yanayoingia ukutani kuelekea ndani ya gari. Mikono mbali na mkanda na feni. Lile nene likiwa baridi na linatoka jasho kama chupa ya soda, mtambo unafanya kazi yake. Kama ndani bado kuna joto, basi tatizo liko ndani ya dashibodi: kile kilango kinachochagua hewa ipite kwenye evaporeta au kwenye hita kimekwama, ama kebo yake imechomoka, na maji ya moto ya injini yanapambana na AC yako. Hapo hata ujaze mtungi mzima, hupati kitu.

Kwenye ile IST hakuna bomba lililokuwa baridi. Ukibonyeza AC, taa inawaka, lakini ule mlio wa "tak!" wa klachi, inayoifunga kompresa na mkanda wa injini, kushika hausikiki. Nikafunga geji injini ikiwa imezimwa. Kwenye joto la nyuzi 30 na kitu, mtambo wenye R134a ya kutosha husoma kama psi 100 (psi ni kipimo cha presha) pande zote mbili, wa presha ndogo na wa presha kubwa, hata ukiwa umelala. Sindano ikasimama kwenye 20. Hapo gesi ilikuwa imekwenda kweli, na swichi ya presha ilikuwa imekata umeme wa klachi kwa makusudi.

Swichi hiyo naomba niiongelee kidogo, maana inanitia uchungu. Oili ya kompresa haikai kwenye bakuli kama ya injini. Inasafiri pamoja na gesi. Gesi ikikosekana, oili hairudi, kompresa inajisaga. Swichi imewekwa kuzuia hilo. Sasa nimepokea magari ambayo fundi ameona klachi haishiki, akachukua waya na kuunga moja kwa moja. Klachi imeshika, mteja kafurahi, kalipa. Baada ya siku chache kompresa imekwama, na unga wa chuma umesambaa mpaka kwenye kondensa. Bili ya wiki ile ingetosha kununulia pikipiki iliyotumika.

Turudi kwenye tundu. Kwa kuwa oili inasafiri na gesi, panapovuja huwa pana alama: vumbi limeganda, pana utelezi wa mafuta. Nikamulika tochi kwenye kondensa, hasa pembe za chini zinazopigwa kokoto, kavu. Kwenye maungio ya mabomba, kavu. Mbele ya kompresa, kwenye sili ya shafti, kavu. Nikaingiza naitrojeni kupandisha presha na kupaka povu la sabuni kila kiungo. Kimya. Dada ananitazama, na mimi naanza kuhisi evaporeta, na kuifikia evaporeta ni kushusha dashibodi nzima, jambo ambalo sipendi kumwambia mtu.

Halafu nikaona mdomo wa kujazia upande wa presha ndogo hauna kifuniko. Nikadondosha tone la sabuni pale. Likafanya kiputo kimoja, kidogo kama punje ya ulezi, kikapasuka, kikaja kingine.

Ndani ya mdomo ule mna kavavu kadogo kanakofanana na ka tairi (usijaribu kuweka ka tairi, mpira wake haukutengenezwa kwa gesi hii). Kalikuwa kamechoka. Mafundi wote watatu walichomeka mpira wao wa kujazia juu ya tundu lenyewe, wakajaza, wakachomoa, wakaondoka. Kuna mmoja kati yao hata hakurudisha kifuniko. Kidude chenyewe bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai.

Nilipobadilisha, sikukimbilia kujaza. Nilifunga pampu ya vakyumu dakika 45. Watu hudhani pampu ile ni ya kutoa hewa tu. Kazi yake kubwa zaidi ni kutoa unyevu: presha ikishuka vya kutosha, maji yanachemka kwenye joto la kawaida tu, yanageuka mvuke na kunyonywa nje. Unyevu ukibaki unaweza kuganda barafu kwenye ekspansheni vavu, AC ikawa inakuja na kuondoka, na ukichanganyika na gesi na oili unazaa asidi inayotafuna mabomba kwa ndani. Kisha nikafunga koki, nikazima pampu, tukakaa dakika 20 tukiitazama sindano. Haikusogea.

Gesi niliipima kwa mzani, gramu kwa gramu, kama kibandiko chini ya boneti kinavyosema. Magari mengi madogo ya Kijapani huchukua kati ya gramu 400 na 550. Kwa nini mzani na siyo geji? Fikiria mtungi wa jikoni. Ukiwa umejaa au umebaki robo, moto wa jiko ni uleule. Kujua kilichobaki lazima uunyanyue. Gesi ya AC ni hivyohivyo. Nikaongeza na oili kidogo, kufidia iliyotoka.

Na tukitaja jiko: wapo wanaojaza gesi ya kupikia kwenye AC. Baridi utapata, sibishi. Lakini evaporeta iko pua yako ilipo, kondensa ndiyo ya kwanza kubonyea gari likigonga, na gesi ile inawaka. Likija gari la namna hiyo kwangu, siligusi mpaka tukubaliane kwanza namna ya kuitoa.

Wenye haibridi, Prius na Aqua, neno moja: kompresa yenu haivutwi na mkanda, inaendeshwa na umeme wa volti nyingi, na oili yake ni ya aina tofauti isiyopitisha umeme. Fundi akiingiza oili ya kawaida, shoti inaweza kuvuja hadi kwenye bodi ya kompresa na mfumo mzima ukagoma. Muulize kabla hajafungua chupa.

IST ikawashwa. "Tak!" Geji ikatulia kwenye 38 upande mdogo na 220 upande mkubwa, ambavyo kwa mchana wa Dar ni vipimo vizuri. Nikachomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi, vioo juu, hewa ya kuzungusha ndani. 29. 18. 11. Ikaganda kwenye 6.

Dada alikaa ndani dakika kumi bila kuniita. Aliposhuka, akainama kutazama chini ya gari, akasimama ghafla.

"Fundi, mbona huku linavuja?"

Maji yalikuwa yanadondoka tone tone upande wa abiria, safi, yameshafanya kidimbwi. Nikamwambia huo ni unyevu wa hewa ya Dar, umegusa evaporeta ukageuka maji, na bomba lake la kutolea liko palepale. Siku akiona hayadondoki nje na zulia la ndani limelowa, aje tulizibue.

Akachovya kidole, akanusa. "Kwa hiyo haya yaache?"

"Hayo yaache."