Rafiki wa kliniki akikuambia umepona, usiache dawa

Rafiki wa kliniki ni nani?

Ni mwenzako anayeishi na VVU kama wewe, mliyejuana kwenye benchi la CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, au kwenye kikundi cha WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU. Mbele yake huna haja ya kuficha kopo la dawa.

Anasaidia nini ambacho mhudumu hawezi?

Mengi. Mimi mhudumu nakuona dakika chache, yeye anakupigia simu usiku. Kuna dada alikuwa akitupa kopo kabla ya kufika nyumbani na kumimina vidonge kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu kopo linalia kama kayamba na ukweni kuna masikio. Vidonge vikawa vinaingia unyevu. Mwenzake wa benchini akamfundisha kuweka pamba safi, kavu, juu ya vidonge, kisha afunge. Wakatikisa pale pale mbele yangu: kimya. Miezi yote ile mimi nilikuwa namuuliza tu kwa nini anakosa dozi.

Rafiki yangu ameambiwa virusi havionekani. Si amepona?

Hapana. Dawa imevibana hadi kipimo hakivioni kwenye damu, lakini vingine vimelala ndani ya chembe hai za mwili. Ni hatua ya kushangilia kweli kweli: aliyefika hapo na anaendelea kumeza kila siku hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Akiacha, kwa kawaida virusi hurudi ndani ya wiki chache.

Mbona yeye ameacha miezi mitatu na amenawiri?

Usiache. Kunawiri si kipimo cha wingi wa virusi. Unaweza kupendeza leo na kinga inashuka kimya kimya.

Lakini ameombewa, na mwingine anatumia mitishamba.

Ombeni, na mmeze dawa. Usiache. Mwaka 2011 watu walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu kwa shilingi 500, wakiamini kinaponya, na wapo walioacha ARV, dawa za kufubaza VVU, baada ya kunywa. Wapo waliokufa. Hadi leo nasikia maneno yale yale kwenye benchi, kikombe tu ndicho kimebadilika, na anayeyasema ni mtu anayempenda mwenzake kwa dhati. Hapo ndipo ninapoumia. Kama unampenda, usimwambie aache. Mwambie twende tukapime.

Dawa zimeniishia. Naweza kuazima kwake?

Tafadhali, hapana. Ukichukua vyake, naye atapungukiwa, na mtarudi wote wawili na pengo. Tena dozi zenu huenda si sawa: mwenye TB anayemeza rifampisini huongezewa dozi ya dolutegravir, mojawapo ya ARV. Ukiwa safarini, nenda na kadi yako kituo chochote chenye huduma ya tiba na matunzo, ueleze.

Naweza kumtaja rafiki yangu kwa watu wengine?

Kamwe. Hata kwa mume wako.

Nimeshaacha, na naogopa kufokewa.

Njoo. Najua wapo wahudumu wanaofoka, na wanakosea. Ukikutana na wa hivyo, omba kuonana na mwingine, lakini usigeuze njia. Sema wazi umeacha lini, usitudanganye tarehe, kwa sababu tarehe ndiyo inatuongoza tupime nini. Ukiwa na kikohozi, homa, unakonda, au kichwa kinauma bila kukoma, usingoje siku ya kliniki: njoo leo. Kila mwezi napokea mtu aliyemeza panadoli wiki tatu kwa kichwa kama hicho, ndugu zake wakidhani ni malaria, kumbe ni maambukizi kwenye utando wa ubongo. Kwa aliyeacha ARV, kichwa hicho hakisubiri. Njoo leo, na kama miguu haina nguvu, mwambie yule rafiki wa benchini akushike mkono mje wote.